Sasa ya Nani?

Kwenye milima ya Umatengo, kusini mwa Tanzania, kengele ya adhuhuri haiwafikii watu wote kwa mara moja. Makanisa mengi ya Mbinga yamejengwa juu ya vilima, nyumba na mashamba yako ng'ambo ya mabonde, na sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mama anayelima kando ya kanisa huisikia kengele papo hapo. Mwenzake anayefukia majani kwenye ngoro, yale mashimo ya shambani mwake, kilomita moja ng'ambo ya bonde, huisikia baada ya sekunde tatu. Wote wawili huweka jembe chini, hufanya ishara ya msalaba na kuanza sala ya Malaika wa Bwana. Ukiwauliza kama wamesali pamoja, watakushangaa kwa swali hilo. Ndiyo, wamesali pamoja. Lakini wa kwanza alikwisha kutamka maneno kadhaa kabla mwenzake hajafungua kinywa.

Basi hiyo "sasa" waliyosali ndani yake ilikuwa ya nani?

Anayelikuta swali hili kila siku, tena kwa jasho, ni kijana anayejifunza udijei. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na mji wa Mbinga, uliokuwa ukitegemea majenereta ya dizeli, ukaunganishwa. Leo kijana wa kata ya Ukata, au wa Mbamba Bay ufukweni, anaweza kuwa na laptop, kontrola ndogo yenye magurudumu mawili, spika mbili kubwa na hedifoni, akaitwa kwenye komunio ya kwanza, kipaimara, na harusi zinazofuatana kahawa ikishauzwa. Kazi anayoogopa kuliko zote ni ya sekunde chache tu: kuingiza wimbo wa pili bila miguu ya watu kukwama.

Wimbo wa kwanza unalia uwanjani. Wa pili uko kwenye hedifoni, anausikia yeye peke yake, sikio moja limefunikwa na jingine limeachwa wazi. Kabla hajaufungulia, mwendo wake lazima ulingane na mwendo wa ule wa uwanjani, na mapigo yaangukiane. Chukua wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika na mwingine wenye 124. Pigo la kwanza linaanguka pamoja. Pigo moja la wimbo wa kwanza huchukua nusu sekunde, la wimbo wa pili ni fupi zaidi kwa milisekunde 16 hivi, na kwenye pigo la pili hakuna anayegundua chochote. Kufikia pigo la tisa wimbo wa pili umetangulia kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na hata bibi aliyeketi mbali chini ya mwembe anajua kuna kitu kimeharibika.

Aliyewahi kuona wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja anaelewa haraka. Mchi mmoja unapanda, mwingine unashuka. Mmoja akiharakisha kidogo tu, michi inagongana. Kwa dijei mambo yamegeuzwa, kwa kuwa michi yake inatakiwa ianguke pamoja na balaa ni kupishana, ila sikio linalohitajika ni lile lile. Tena kuna mtego. Katika mfano wetu, baada ya sekunde 15 nyimbo zinakutana tena: wa kwanza umepiga mapigo 30, wa pili 31. Mwanafunzi anasikia zimeangukiana, anatabasamu, anafungulia sauti, na nusu dakika haijaisha uwanja mzima unajikwaa.

Shida ya wiki za mwanzo ina sura ya ajabu. Mwanafunzi anasikia wazi kwamba mwendo umevunjika, lakini hajui wimbo upi unakimbia na upi unachelewa. Sikio linampa hukumu bila maelezo. Njia wanayofundishana madijei ni kujaribu upande mmoja kwa makusudi: sukuma wimbo wa pili mbele kidogo, usikilize. Kama kosa linakua haraka, umepata jibu, rudisha nyuma. Kwa miezi kadhaa mtu anajifunza kwa kuongeza kosa kidogo ili alijue jina lake. Mafunzo ya namna hiyo yanadai unyenyekevu ambao vijana wengi hawakuutarajia walipokuwa wanauza mbuzi wanunue kontrola.

Ustadi huu haukuanza na kompyuta. Anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuufanya mbele ya wachezaji ni Francis Grasso, dijei wa New York, karibu na mwaka 1970, katika klabu iliyoitwa The Sanctuary. Jengo lenyewe lilikuwa kanisa la Wabaptisti Wajerumani kabla ya kugeuzwa ukumbi wa dansi. Mwaka 1972 kampuni ya Matsushita ya Japani ilitoa mashine ya santuri aina ya Technics SL-1200, na toleo lililofuata mwishoni mwa muongo huo likawa na kitufe cha kuteleza kinachoongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8 kila upande. Wimbo wa mapigo 100 unaweza kushushwa hadi 92 au kupandishwa hadi 108. Mkono, kitelezi na sikio, hivyo ndivyo vifaa vilivyokuwapo. Baadaye programu za kompyuta zilikuja na kitufe cha SYNC. Ukikibonyeza, mashine inasoma nyimbo zote mbili na kuzilinganisha yenyewe kufumba na kufumbua.

Kwa nini basi mtu apoteze miezi sita kujifunza jambo ambalo kitufe kinalimaliza? Kwa madijei hili ni suala la heshima, wanabishana juu ya nani ni dijei wa kweli. Mbishano huo hauna uzito mkubwa. Lenye uzito ni kwamba anayejifunza kwa sikio anaingia, bila kukusudia, kwenye moja ya maswali ya zamani kabisa ya falsafa na dini: wakati uko wapi?

Mwafrika mmoja alilishughulikia swali hilo kwa bidii karne 16 zilizopita. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ulioko katika Algeria ya leo, na kabla hajawa askofu alianza kuandika kitabu kizima juu ya muziki. Katika kitabu cha 11 cha Maungamo anauliza tunawezaje kupima wakati, ikiwa uliopita haupo tena, ujao haujakuwapo, na uliopo hauna urefu. Mfano wake si wa jua wala wa saa. Anachukua utenzi wa kanisani wa Askofu Ambrosi wa Milano na kusikiliza silabi zake, fupi na ndefu. Silabi ndefu ni mara mbili ya fupi, kila mtu anasikia hivyo. Lakini zinalinganishwaje, wakati ya kwanza imekwisha kunyamaza kabla ya pili kuanza? Jibu lake ni kwamba kinachopimwa kimebaki katika kumbukumbu. Nafsi inakumbuka, inaangalia na inatazamia, na katika kunyooka huko ndimo wakati unamokaa.

Dijei anayejifunza hana haja ya kusoma Kilatini ili akubaliane naye. Pigo alilosikia limekwisha. Linalofuata halijaja. Analolinganisha ni alama mbili ndani yake mwenyewe, moja iliyoachwa na wimbo wa uwanjani na nyingine iliyoachwa na wimbo wa hedifoni. Hata pigo lenyewe halipatikani kwenye sauti peke yake. Singeli ya Dar es Salaam, muziki uliokulia Manzese na Mburahati, hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Wimbo wa singeli wenye 220 unaweza kusikika pia kama wenye 110, na dijei mwenye akili akauunganisha na wimbo wa taratibu bila mtu kushtuka, kwa sababu mwili umeamua kuhesabu kila pigo la pili. Sauti haikubadilika. Aliyehesabu ndiye aliyebadilika.

Lakini Augustino ana upungufu mmoja, na uwanja wa harusi unaufichua: nafsi yake inaimba peke yake. Wakati wake umo ndani ya mtu mmoja, amesimama mbele ya Mungu wake. Dijei ana watu mia wanaocheza. Akiwa na wakati mzuri kabisa kichwani mwake na watu wakakwama, hana kitu.

Aliyeutoa wakati kichwani mwa mtu mmoja na kuurudisha kwa jamii ni John Mbiti, kasisi wa Kianglikana mzaliwa wa Kitui nchini Kenya, aliyefundisha Makerere na kufariki mwaka 2019. Kitabu chake African Religions and Philosophy kilitoka mwaka 1969, na ili kueleza wakati kama Waafrika wanavyouishi alichagua maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Sasa, kwa Mbiti, ni pana. Imebeba yaliyotokea karibuni, yanayotokea, na yanayokaribia mno kutokea. Matukio hutoka humo na kuzama polepole katika Zamani, bahari kubwa inayopokea kila kitu. Hapo wasomaji wengi wanamfuata. Wanaposimama ni pale anapodai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali haupo karibu kabisa, kwamba Sasa haivuki miaka miwili hivi kwenda mbele. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa ushahidi wa Kiakan.

Kiswahili kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, ingawa Mbiti angejibu, na kwa haki, kwamba hizo zote zinaenea ndani ya Sasa yake. Mkulima wa Mbinga ni hoja ngumu zaidi kwake. Mche wa kahawa unaopandwa leo utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na anayeupanda mlimani anajua ada ya mtoto gani italipwa na mche huo. Hata hivyo kahawa ililetwa, na mtu anaweza kusema fikra hiyo ililetwa pamoja nayo. Ushahidi ulio mzito kuliko wote uko kwenye miguu ya wachezaji wa mganda.

Mganda ni ngoma ya wanaume wa ufukwe wa Ziwa Nyasa na Umatengo. Wanasimama kwa mistari, nadhifu, mara nyingi kwa nguo nyeupe, na hatua zao zina gwaride ndani yake. Hilo si bahati. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, alionyesha jinsi ngoma za aina hii zilivyoenea Afrika Mashariki wakati gwaride na bendi za wakoloni zilipokutana na vijana waliokuwa na ngoma zao. Ziwa lenyewe liliingia vitani mapema, kwa kuwa Agosti 1914 meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani kwenye bandari ya Liuli, iliyoitwa Sphinxhafen wakati huo. Mwendo wa askari ulikuwa wa kigeni, umeletwa kwa amri. Watu wa Nyasa wakausikiliza, wakauweka juu ya mwendo wao, wakausukuma na kuuvuta mpaka ukakaa. Walifanya kwa nyayo kazi ambayo kijana wa leo anaifanya kwa kitelezi.

Sasa tazama mguu wa mchezaji mmoja katika mstari huo. Mtu akisubiri kusikia sauti ndipo atende, huchelewa kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mwili hauwezi kwenda haraka kuliko hapo. Mstari wa watu 20 wanaosubiri pigo lilie ndipo wakanyage ungekuwa vurugu. Hawasubiri. Mguu unaanza kushuka kabla ngoma haijalia, na unafika pamoja nayo. Wanasaikolojia wamelipima jambo hili mara nyingi kwa watu wanaogonga kidole kufuata metronomu: kwa kawaida kidole hutangulia pigo kwa makumi ya milisekunde, na mwenyewe anaamini amegonga sawasawa kabisa. Kwa hiyo wakati ujao hauko ukingoni mwa Sasa, wala hausubiri kitenzi kiutaje. Umo ndani ya kila hatua. Mbiti aliutafuta kwenye sarufi, na pale hakuukosea sana, lakini alipita karibu na ngoma bila kusimama.

Hiki ndicho dijei mwanafunzi anachokipata siku sikio linapofunguka. Anashika gurudumu, wimbo wa pili umesimama pigo la kwanza likiwa chini ya kidole, na anauachia kwa ajili ya pigo ambalo bado halijafika. Akilisikia kwanza, amechelewa. Anapaswa kuliamini.

Kiswahili kinamsaidia hapa kuliko lugha nyingi. Tunasema tunasikia sauti, na pia tunasikia njaa, baridi, harufu na maumivu. Mwili wote ni sikio. Tena mtoto asiyetii tunasema hasikii, na usikivu ni sifa ya mwanafunzi mwema kabla ya kuwa kipimo cha hospitali. Watawa Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walikuja na Kanuni yao inayoanza na agizo la kusikiliza, na wanaofuata Kanuni hiyo husali zaburi kwa pande mbili zinazopokezana, bila ngoma ya kuwashikia mwendo, upande mmoja ukisubiri pumzi ya upande wa pili. Kwa muda mrefu wamisionari wengi waliiogopa ngoma. Mwaka 1963, mwaka ule ule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipopitisha hati ya liturujia iliyotaka muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima yake, padre Mtanzania Stephen Mbunga alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Leo katika parokia nyingi za Tanzania kinanda na ngoma vinalia katika misa moja, na waumini wanapiga makofi bila kuhesabu.

Rudi uwanjani. Spika ziko mbele, wachezaji wengine wako mita 34 nyuma, karibu na uzio wa shule. Sauti inawafikia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa wimbo wa mapigo 120 hiyo ni sehemu ya tano ya pigo zima. Dijei akisimama mbali na spika zake na kutegemea sauti ya uwanjani, ataulinganisha wimbo na wakati uliokwisha pita, ndiyo maana madijei wazoefu huweka spika ndogo karibu yao, na ndiyo maana hedifoni za Bluetooth, zinazochelewesha sauti, hazifai kwa kazi hii. Waya ndio unaotakiwa. Lakini mabinti wanaocheza karibu na uzio hawajakosea. Wanacheza vizuri tu. Pigo lao linakuja nyuma ya pigo la walio mbele, na bado uwanja ni mmoja, kwa sababu wote wameushika mwendo ule ule na wote wanalitazamia pigo linalofuata mahali linapopaswa kuwafikia.

Hapo makala haya yanasimama na akina mama wa mlimani. Hawakusali kwa nukta moja ya saa. Walisali pamoja kwa sababu wote wawili walikuwa wameshaitazamia adhuhuri, jembe limeanza kupunguza kasi, kabla kengele haijamfikia yeyote kati yao. Sasa yao haikuwa ya yule aliyekuwa karibu na kengele. Waliitengeneza wote.

Kitufe cha SYNC hakina dhambi yoyote, na dijei anayekitumia asubuhi ya harusi akiwa amechoka asihukumiwe. Lakini mashine inalinganisha vizuri nyimbo zilizotengenezwa kwa mashine. Bendi za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania katika miaka ya 1970 zilipiga wote kwa pamoja studioni, na mwendo wao unapumua: unapanda kidogo waimbaji wakichangamka, unashuka kidogo magitaa yakianza kusemezana. Mganda uliorekodiwa kwa simu kijijini unapumua zaidi. Kompyuta ikichorea muziki huo mistari iliyonyooka, mapigo yanaitoroka baada ya dakika moja. Mwenye sikio anabaki nayo, mkono juu ya gurudumu, akisukuma na kuvuta wimbo hadi mwisho.

Basi kijana wa Ukata, wa Litembo, wa Lituhi au wa Mbamba Bay aliyepata kontrola mwaka huu aanze na wimbo mmoja aliounakili mara mbili, mmoja kila upande, aupunguze mmoja mwendo kidogo bila kutazama namba, kisha autafute mwendo wake kwa sikio. Skrini aifunike kwa kanga. Hedifoni iwe ya waya. Na wazee wanaopiga mganda na akina mama wanaocheza ngoma ya kioda wamruhusu aketi karibu na ngoma kubwa jioni moja, bila simu mkononi, wakati bado wapo wa kumruhusu.